Mlezi wa Sanduku

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimerudi Kitale nikiwa nimelowa hadi soksi. Leo nimekabidhi sanduku. Pale lilipokuwa, kando ya kitanda changu, sakafu imebaki na alama ya mstatili mweusi. Nimeifagia. Haitoki.

Kikao kilikuwa Bungoma, nyumbani kwa Wekoye, karani mstaafu wa mahakama. Wanachama wote wanne wa chama chetu cha kusoma tulikuwepo: Wekoye, mimi, Ngige, mkulima wa mahindi kutoka Kachibora, na Wacuka, fundi cherehani, wa Kachibora pia, niliyemfundisha Kiswahili tangu kidato cha kwanza. Rosaline, mkewe Wekoye, si mwanachama. Husema vitabu vilimwoa mumewe kabla yake na bila mahari. Lakini huketi, husikiliza, na akifungua kinywa husema jambo.

Tulipomaliza chai nilifungua kufuli mbele ya wote, kama ilivyo ada. Zimo humo riwaya zote za zamani tulizookota tangu nistaafu. Nyingine tulinunua kando ya barabara, nyingine zilitoka katika maktaba ya shule iliyofungwa. Moja Ngige aliiokoa Kiminini kwa mwuza karanga, ambaye alikuwa amekwisha kufungia wateja sura mbili za kwanza. Hadi leo hatujui kisa kinaanzaje. Zote nimezivika karatasi ya kaki kwa mikono yangu.

Nikamkabidhi Wekoye *Mkia wa Mvua*, maana kila mlezi mpya huanza kazi kwa kuirudia hiyo. Akaifungua. Vumbi likamwagika mapajani mwake — vumbi laini, rangi ya unga wa dona.

Mashimo! Kitobo safi kama cha sindano, kutoka jalada la nyuma hadi sura ya tisa, ukurasa baada ya ukurasa. Wacuka alijiziba mdomo. Mimi nilijisikia kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mapafu yake mwenyewe. Ndiyo nakala pekee tunayoijua. Mchapishaji alifilisika, mwandishi amekufa, na wadudu wale walizaliwa chumbani mwangu, nikiwa mlezi.

Hakuna aliyenilaumu. Ingekuwa afadhali wangenilaumu.

Rosaline alisema vitabu vianikwe juani. Jua lipi? Mvua ilikuwa inapiga mabati hata tukawa tunapaza sauti kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

Ndipo Ngige akacheka. "Si hawa ni kama dumuzi wa mahindi tu, bana? Kwa ghala yangu hutapata hata mmoja. Natia zile tembe, nafunga, kwisha." Akatoa mfukoni mwa koti mkebe mdogo. Alikuwa ameununua asubuhi kwa ajili ya mahindi yake ya mwaka jana. Ndani mna tembe za kijivu. Zikipata unyevu hutoa hewa, na hewa hiyo huua kila kinachopumua.

Nikamwuliza kama zinatia karatasi madoa. Akasema hewa haina doa. Basi nikaridhika.

Rosaline hakuridhika. Alisema kijana wa duka la agroveti huwaambia watu kila siku kwamba dawa hiyo hailali na binadamu. Kama ni lazima, sanduku liende stoo ya nje.

"Mama, hii sanduku ni ya chuma," Wekoye akamwambia. "Iko na kufuri. Hiyo gesi itatokea mrango gani?"

"Itatokea pale mdudu aliingilia," Rosaline akasema.

Wote wakanitazama. Nilikataa stoo. Sheria yetu ya kwanza ni kwamba sanduku hulala chumba kimoja na mlezi wake. Tuliiweka baada ya mlezi mmoja, sasa marehemu, kuacha vitabu bandani, na mchwa wakatuachia majalada matupu. Sheria haiwezi kulegezwa siku ile ile tunayoihitaji. Tembe zikafungwa katika leso ya Wekoye, zikawekwa chini kabisa, vitabu vikapangwa juu yake. Sanduku likaenda kando ya kitanda chake.

Kisha nikakumbusha sheria ya pili. Mlezi anayerudia *Mkia wa Mvua* hujifungia. Simu huzimwa. Chakula huachwa mlangoni. Haongei na mtu wala haitiki hodi mpaka ukurasa wa mwisho. Nilikuwa na sababu ya kukumbusha: zamu yake ilipofika, Wacuka aliacha sura ya kumi na mbili ili ajibu simu ya mteja wa sare za shule. Nikasema mbele ya wote kwamba msomaji anayeitika kila hodi ni bawabu, si msomaji. Wacuka aliinamisha kichwa akawa anakunja pindo la kitambaa cha meza.

Ndani ya pikapu, tukirudi, Ngige aliniambia nimemuumiza binti wa watu. Nikamjibu kwamba sheria si mtoto, haibembelezwi.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Lakini Wacuka ni mtu."

Jumapili, 3 Agosti 2025

Mvua. Wekoye ameanza leo asubuhi. Simu yake imezimwa — nimejaribu mara moja tu, ili kuhakikisha.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Mzee mmoja auzaye vitabu vikuukuu karibu na soko alinitumia habari kwamba ana "kitu ya kaki" ambacho huenda ni *Mkia wa Mvua*. Nilikwenda mbio kuliko inavyoniruhusu miguu. Kilikuwa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Nilikinunua kwa aibu.

Hivyo nakala yetu inabaki peke yake duniani. Nafikiria zile tembe na nashukuru. Pengine wadudu wamekwisha kufa.

Baada ya Alasiri binti yangu Sumeya alipita akitoka kazini. Anauza katika duka la dawa lililo karibu na msikiti. Aliona alama ya sanduku sakafuni, akauliza lilikokwenda. Nikamweleza. Nilipofika kwenye tembe aliweka kikombe chini.

"Baba, tembe gani?"

Nikamweleza rangi yake, na mkebe.

"Hizo haziwekwi nyumba ya watu. Hata sisi hatuziuzi."

"Sanduku ni la chuma."

"Chuma haizuii hewa, Baba."

"Hakizuii," nikamsahihisha.

Alinisogezea simu. "Haya. Hakizuii. Sasa mpigie Mzee Wekoye."

Nikamwambia simu imezimwa kwa mujibu wa sheria. Akacheka, lakini macho hayakucheka. Akaniuliza kama sheria ina namba ya simu, basi aipigie yeye. Huyu ndiye mtoto ambaye kwa miaka nimempendekezea riwaya zile zile tatu, na jibu lake ni kwamba atazisoma akistaafu! Nilimwambia Wekoye ni mtu mzima, amekaa mahakamani maisha yake yote, anajua kupima hatari. Sumeya akasema hewa haihukumiwi mahakamani.

Hakumaliza chai.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Rosaline amenipigia. Wekoye anaumwa kichwa tangu juzi. Jana alitapika. Anasema kifua kinambana kama amefungwa kamba ya ng'ombe. Alitoka chumbani kwa kulazimishwa, wakampeleka kliniki, wakaambiwa ni malaria na taifodi. Akapewa dawa, akarudi — moja kwa moja chumbani, akafunga mlango. Zimebaki sura nne.

Nafsi yangu ilitulia. Malaria na taifodi ni maradhi yenye jina. Nusu ya Bungoma ina malaria na taifodi.

Kisha Rosaline akaongeza neno. Alikuwa na kuku aliyeatamia. Kwa ajili ya mvua alimhamishia ndani, katika tenga, kwenye korido nje ya mlango wa chumba cha mumewe. Leo alfajiri amemkuta amekufa juu ya mayai.

"Amekufa vile amekaa, Mwalimu. Hata mabawa hajatandaza. Ni kama ameambiwa tu akufe."

Nikasema ni kideri. Akasema kideri hakichagui kuku mmoja. Wale walio nje, kwenye matope, wazima kabisa.

Nikamtakia Wekoye afueni.

Nilipomweleza Sumeya habari za malaria, aliuliza kama walipima damu. Sikuwa nimeuliza.

Habari za kuku sikumwambia.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Wekoye amemaliza! Amepiga simu mwenyewe kutoa ripoti yake. Sauti ilikuwa chini sana. Katikati ya sentensi alisimama kuvuta pumzi, na niliisikia pumzi yenyewe ikipanda kama maji katika pampu mbovu.

Hata hivyo ripoti ilikuwa bora kuliko zote nilizosikia juu ya riwaya hii. Ni lazima niiandike kabla sijaisahau. Sote tumekuwa tukimchukia Mzee Khaemba, yule anayewakataza watu kuhama bondeni mpaka mto unawafikia. Mimi mwenyewe nimekifundisha kisa hicho kama kisa cha ukatili. Wekoye anasema la.

"Nimesoma hii kitabu nikiwa kijana, nikamhurumia kijana. Nikasoma nikiwa baba, nikamhurumia mama. Sasa nimehurumia huyo mzee, Mwarimu. Si mkatiri. Aliona maji mapema kuriko wote. Lakini alikuwa ameshasema hakuna kuhama. Sasa arudishe maneno yake aipereke wapi?"

Nikamwambia hiyo ni huruma ya homa. Maandishi hayasemi popote kwamba mzee aliyaona maji mapema.

"Rudia sura ya sita," akasema. "Anahamisha ng'ombe wake." Kisha akaanza kukohoa, na Rosaline akamnyang'anya simu.

Nimekaa nikiifikiria sura ya sita. Siwezi kuitazama, kitabu kimo sandukuni. Lakini naikumbuka. Ni kweli. Anahamisha ng'ombe.

Nimeisoma riwaya hii tangu ujana wangu.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Wekoye amelazwa hospitalini Bungoma. Hawezi kupumua akilala chali.

Sheria ya tatu iko wazi: mlezi akiugua hata asiweze kuangalia sanduku, lihamie siku hiyo hiyo kwa anayefuata. Anayefuata ni Wacuka. Niliandika hivyo katika kundi letu la simu, bila maneno ya ziada. Nilitaraji Rosaline apinge, nyumba ikiwa katika hali ile. Badala yake alipiga simu akilia: "Litoke! Litoke leo, Mwalimu! Hata kama ni kutupwa mtoni." Nikamsamehe. Mwenye mgonjwa hapimi maneno.

Ngige alikwenda na pikapu. Amenipigia baada ya Magharibi kutoka Kachibora. Sanduku limefika salama, halikulowa. Wacuka alikuwa amefagia, amehamisha cherehani pembeni, amelitengea nafasi kati ya kitanda na ukuta. Anaishi chumba kimoja nyuma ya kibanda chake. Dirisha ni dogo, na upepo wa milima ya Cherangani ukianza, yeye hulifunga kabisa na kuziba chini ya mlango kwa vipande vya vitambaa.

"Na zile dawa nimeangalia," Ngige akasema. "Zilikuwa zimekwisha, zimekuwa majivu tu. Nikakung'uta nje, nikatia zingine. Nimeongeza kidogo, ndio ziue mpaka mayai."

Nikamwuliza kama alimweleza Wacuka.

"Nilimwambia aachilie dirisha kidogo. Akasema hii baridi itamuua kabla ya hiyo dawa. Hata hivyo, Mwalimu, sisi tumelala na magunia miaka yote. Iko mtu amekufa?"

Nikamshukuru. Nikauliza kama Wacuka ameanza kusoma.

"Ameanza? Amebandika karatasi kwa mlango: NIMEJIFUNGIA, NASOMA. Akaniambia, mwambie Mwalimu safari hii sitaitika hata baba yangu akifufuka."

Nilifurahi. Nafsi yangu ilifurahi kweli. Hapa siandikii mtu mwingine.

Sumeya alikuwepo, alisikia kila neno. Alikula bila kusema. Alipokuwa akivaa viatu akaniuliza yule mama wa Kachibora ana umri gani. Nikamwambia arobaini na kitu. "Na anaishi na nani?" Peke yake. Akafungua mlango, akaenda.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Nimelala vibaya. Mvua bila kukoma.

Wekoye yuko vile vile. Rosaline anasema vidole vyake vimebadilika rangi.

Nimempigia Wacuka. Simu imezimwa. Ndivyo ipasavyo.

Nimempigia tena adhuhuri. Nimempigia Alasiri. Imezimwa. Mwanafunzi mtiifu. Sijui ningemwambia nini kama angeitika — ningelazimika kumkaripia kwa kuitika.

Usemi huo nimeuandika kwa mzaha. Nimeusoma tena, haunichekeshi.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Naandikia kwenye benchi la korido ya hospitali, Bungoma. Mkono unatafuta kazi.

Sumeya aliomba ruhusa kazini, akaja nami bila kualikwa. Niliswali Ijumaa katika msikiti wa hapa mjini, kisha tukaingia wodini. Wekoye ana barakoa ya hewa usoni. Midomo yake ni ya kijivu. Aliponiona aliinua kidole, kama shahidi anayetaka kuapa, kisha kikaanguka. Rosaline alikuwa akimkanda miguu.

Daktari wa zamu ni msichana mdogo. Ningeweza kuwa nimemfundisha bibi yake. Alisema damu imepimwa mara mbili. Haina malaria wala taifodi. Moyo unakwenda ovyo. Akamgeukia Rosaline, akauliza kama nyumbani kuna dawa yoyote ya shamba.

Rosaline alinitazama mimi. Nikawa natafuta namna ya kuanza. Sumeya akanitangulia. Akaeleza tembe, leso, sanduku, kitanda. Maneno machache, yote ya kweli.

Daktari hakuandika. Aliuliza tu: "Nani mwingine alikuwa analala humo?"

Hakuna, Rosaline akasema. Wakati wa kusoma yeye hulala na wajukuu.

"Na hilo sanduku liko wapi sasa?"

Nikasema liko Kachibora.

"Kwa ghala?"

"Chumbani. Kwa mwanachama mwenzetu."

"Kuna mtu analala humo? Na dawa bado iko ndani?"

Nikasema kwamba ndiyo sheria yetu. Nikasema pia kwamba tembe zilibadilishwa juzi. Alinitazama kama mtu anayetazama mwandiko asioweza kuusoma. Kisha akasema, polepole, kama anayeongea na mgonjwa: "Mzee, mpigie huyo mtu atoke nje. Sasa hivi. Asichukue kitu chochote, atoke tu."

Nimempigia. *Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.* Yule mwanamke wa mashine ana Kiswahili safi. Nimemsikiliza mara nyingi hata nimeanza kumchukia.

Nani mwingine? Sina namba ya jirani hata mmoja. Miaka yote hii nimejua maoni ya Wacuka juu ya kila riwaya iliyomo sandukuni, na sijui jina la mtu anayeishi mlango wa pili kutoka kwake.

Ngige hakushika simu. Alikuwa shambani. Sumeya akaniamuru — ndiyo, aliniamuru — niendelee kupiga. Hatimaye Ngige akaitika, akihema. Nikamweleza. Hakuleta mzaha.

"Lakini niliongeza, Mwalimu," akasema. "Mimi niliongeza."

Nikamwambia aende. Pikapu imekwama kwenye matope ya shamba lake. Amechukua pikipiki ya boda.

Tunangoja. Rosaline ametoka wodini, ameketi upande wa pili wa benchi. Ameacha nafasi kati yetu inayotosha watu wawili. Bila kunitazama amesema kwamba Jumanne ile ya kwanza Wekoye alitaka kufungua dirisha. Alifika hadi kwenye komeo. Kisha akasema hapana, unyevu utaharibu karatasi, Mwalimu hatapenda.

"Nilikuwa mlangoni na ugali, alikuwa amefungua achukue sahani," akasema. "Nikamwambia, fungua, Mwalimu yuko Kitale. Akaniambia ati Mwalimu ako kila mahali."

Nilifikiri atalia. Hakulia.

"Wewe ulitaka kitabu kisife," akasema. "Sasa kimepona?"

Sumeya alikuja akasimama kati yetu, akamshika Rosaline bega. Mimi hakunishika.

Adhana ya Magharibi imepita. Sijaswali. Kaskazini kumekuwa kweusi kabisa. Huko mvua inanyesha.

Simu! Ngige.

Nimeiweka benchini, sauti wazi, ili Sumeya asikie. Naandika wanavyosema.

Amefika. Karatasi ingali mlangoni. Chini ya mlango pamezibwa. Amebisha.

"Hakuna kitu, Mwalimu."

"Bisha tena."

Nasikia ngumi yake kwenye mbao. Nasikia watu, majirani wametoka. Mwanamke mmoja anasema jana walimsikia akikohoa sana, leo hawajamsikia. Walidhani amepata nafuu. Mwingine anasema waliogopa kumsumbua, kwa vile karatasi imekataza.

"Taa iko," Ngige anasema. "Naona mwanga kwa ufa wa dirisha. Wacuka! Wacuka, ni mimi! Fungua!"

Kimya.

"Mwalimu." Sasa anaongea karibu na simu, karibu kwa siri. "Sasa nitajuaje? Si ulisema asiitike? Labda yuko tu hapo ananisikia. Labda anafikiria ni wewe umenituma kumjaribu."

Amesema kweli. Hakuna njia ya kujua. Anayesoma kama nilivyomwagiza na asiyeweza kuinuka wananyamaza namna moja.

"Vunja," nimesema.

"Ati?"

"Vunja mlango, Ngige!"

"Na kama anasoma tu?"

Sumeya amenyakua simu. Anamwambia asiingie mara moja. Afungue, asogee, aache hewa itoke, awaweke watoto mbali. Avunje na dirisha pia. Ngige anaomba shoka. Mtu anakimbia kwenye matope. Wekoye anakohoa huko wodini, na Rosaline ameinuka akaenda kwake.

Shoka. Mara moja. Mara ya pili. Mbao imepasuka. Mwanamke anapiga kelele kwamba kuna harufu, rudini nyuma, rudini. Kioo kinavunjika. Sumeya anahesabu kimya kwa midomo, mkono umeinuliwa kana kwamba Ngige anauona. Kisha anasema, "Sasa. Funga pua. Ingia, mvute nje."

Hatua zake. Kitu cha chuma kimegongwa — sanduku, bila shaka.

"Mwalimu," Ngige anasema. Sauti yake imezibwa na kitambaa. "Kitabu iko hapa kwa meza. Iko wazi."

"Achana na kitabu! Wacuka je?"

Simu haijakatika. Nasikia mvua ya Kachibora juu ya mabati. Nimeuliza tena. Sumeya naye ameuliza.

Ngige hajajibu.